Polima Zinazoitikia Oksijeni Tendaji: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Tabora

Maswali haya, kuhusu polima zinazobeba dawa na kuiachia zikikutana na oksijeni tendaji, huulizwa na watu wa aina tatu: wanafunzi wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) na CBG (kemia, biolojia, jiografia), wahudumu wa afya wanaofunga vidonda kila siku, na wafugaji nyuki waliosikia kwamba asali yao ina "kemikali ileile" inayozifungua, yaani haidrojeni peroksaidi. Anayejibu ni mwalimu wa kemia, si tabibu. Mwenye kidonda kisichopona aende hospitali ya Kitete, ya Nkinga au kituo cha afya kilicho karibu naye.

Oksijeni tendaji ndiyo nini hasa?

Oksijeni unayovuta huishia kwenye mitokondria za seli, na huko kila molekuli yake hupokea elektroni nne ikawa maji. Safari hiyo ikikatika njiani ndipo mambo yanapoanza. Ikiingia elektroni moja tu, tunapata supaoksaidi. Zikiingia mbili, tunapata haidrojeni peroksaidi. Peroksaidi ikikutana na chuma ambacho hakijashikwa vizuri na protini, huvunjika na kutoa radikali ya haidroksili. Hiyo ni kali kuliko zote, na haina subira: hushambulia chochote kilicho karibu, yawe mafuta, protini au DNA, na uhai wake huishia hapohapo.

Si zote hutokea kwa bahati mbaya. Chembe nyeupe za damu zikifika kwenye kidonda chenye vijidudu huwasha kimeng'enya kiitwacho NADPH oksidesi na kutengeneza supaoksaidi kwa makusudi. Kimeng'enya kingine, mieloperoksidesi, huchukua peroksaidi na kloraidi iliyomo mwilini na kutengeneza asidi ya haipoklorasi, ileile inayoua vijidudu kwenye maji yaliyotiwa klorini. Muuguzi aliyewahi kuona usaha wa kijani ameshakiona kimeng'enya hicho kwa macho yake, maana ndicho chenye rangi hiyo.

Kwa hiyo penye ugonjwa, hasa penye kuvimba na joto, oksijeni tendaji huwa nyingi kuliko penye afya. Polima tunazozizungumzia hutegemea tofauti hiyo.

Kama ni kali hivyo, si bora tuzimalize zote kwa vidonge vya kuzuia oksidisho?

Hapana, na ushahidi ni mchungu. Wapo watoto wanaozaliwa na NADPH oksidesi yenye kasoro. Chembe zao nyeupe huwameza vijidudu lakini hushindwa kuwaua, na watoto hao huandamwa na majipu na maambukizi ya bakteria na ukungu tangu wadogo. Mwili usiotengeneza supaoksaidi hauna silaha.

Mfano wa pili unafaa kusikiwa katika mkoa unaolima tumbaku. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Ufini uliofuatilia wanaume wavutaji sigara 29,133. Baadhi yao walipewa beta-karotini, miligramu 20 kila siku, kwa matumaini kwamba ingezima radikali za moshi na kuwakinga na saratani ya mapafu. Waliopewa beta-karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Tangu hapo wataalamu makini wameacha kuiita oksijeni tendaji adui mtupu. Swali likawa ipo wapi, na ni kiasi gani. Neno "kiasi" litarudi mara nyingi hapa chini, kwa sababu ndilo linalotenganisha utafiti wa maana na mapambo.

Polima hizi ni plastiki kama za mifuko?

Plastiki ya mfuko ni polima, lakini wanga wa ugali nao ni polima, na hata DNA. Polima ni molekuli ndefu iliyojengwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, basi. Zinazotumika kwenye tiba huchaguliwa ziwe zinavumilika mwilini na ziweze kuondoka baada ya kazi.

Zinatambuaje kwamba zimefika penye ugonjwa?

Hazitambui chochote kwa maana ya akili. Fikiria cheni ya baiskeli ambayo fundi ameweka kwa makusudi pingili chache za chuma kinacholiwa na kitu kimoja tu. Cheni itapita kwenye vumbi, maji na mafuta bila neno. Ikikutana na kitu hicho, itakatika palepale zilipo pingili hizo. Hapa pingili ni kundi la atomu, na kinacholila ni oksijeni tendaji. Ziko familia kadhaa, na tabia zao hazifanani.

Familia ya kwanza ina salfa. Polima ya polipropilini salfaidi huchukia maji, kwa hiyo ndani ya damu hujikunja na kutengeneza vifuko vidogo sana ambavyo vinaweza kubeba dawa. Salfa ikioksidishwa hugeuka salfoksaidi, kisha salfoni, na vyote viwili hupenda maji. Kifuko huvimba, hulegea, kisha huyeyuka na kumwaga mzigo. Jeffrey Hubbell na wenzake nchini Uswisi walionyesha jambo hili mwaka 2004, na kwa wengi katika fani hii hapo ndipo pa kuanzia kusoma. Angalia kwamba cheni yenyewe haikukatika. Kilichobadilika ni uhusiano wake na maji.

Familia ya pili ni thioketali. Hapa kiungo hukatika kweli, na kikikatika hutoa asetoni na vipande vyenye salfa. Mwaka 2010 kundi la Niren Murthy, Georgia Tech, Marekani, lilitengeneza nanochembe (chembe ndogo mno) za thioketali zilizobeba RNA fupi ya kuzima TNF-alfa, ile protini inayochochea uvimbe. Walizipitisha mdomoni kwa panya wenye ugonjwa wa utumbo mpana. Kilichonivutia mimi ni ujanja wa njia: thioketali haijali asidi ya tumbo wala vimeng'enya vya kumeng'enya protini, kwa hiyo chembe zilipita salama hadi kwenye utumbo uliovimba, na huko ndiko zikavunjika. Dawa za RNA zikimezwa bila kinga ya namna hiyo huishia kuwa chakula.

Familia ya tatu ni esta za boroni. Peroksaidi hushambulia boroni, kiungo cha kaboni na boroni hugeuka fenoli, na fenoli hiyo husukuma sehemu inayofuata ijivunje yenyewe. Mwaka 2011 kundi la Jean Fréchet, California, lilichukua dekstrani, sukari ndefu inayoyeyuka majini, likaifunika kwa esta za boroni hadi ikaacha kuyeyuka. Peroksaidi ikifika, kifuniko hutoka na dekstrani inarudia hali yake ya kuyeyuka. Nafikiri ni muundo nadhifu kuliko mingi iliyofuata.

Zipo pia zenye seleniamu, ambazo huitikia upesi zaidi kwa sababu kiungo cha seleniamu kwa seleniamu ni dhaifu: takriban kilojuli 172 kwa moli, ukilinganisha na 240 za salfa kwa salfa. Na zipo peroksaleti, ambazo zikivunjwa na peroksaidi penye rangi inayofaa hutoa mwanga. Mwaka 2007 mwanga huo ulitumika kuonyesha mahali palipovimba ndani ya panya aliye hai, bila kumpasua.

Kwa hiyo polima moja huitikia oksijeni tendaji zote?

La, na makosa mengi ya wanafunzi yako hapa. Boroni hupenda peroksaidi, na hupenda peroksinaitraiti (supaoksaidi iliyoungana na naitriki oksaidi) zaidi kwa mbali sana. Kwa supaoksaidi haina haraka. Thioketali ni kinyume: peroksaidi peke yake huisumbua polepole mno, radikali ya haidroksili huikata vizuri. Ukisoma kwamba polima "inaitikia oksijeni tendaji", uliza ipi. Mwandishi asiposema, endelea na shaka yako.

Inahitajika peroksaidi kiasi gani ndipo polima ifunguke?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo lisiloulizwa vya kutosha.

Kiwango kinachotajwa mara nyingi kwa tishu iliyovimba ni mikromola 50 hadi 100 za haidrojeni peroksaidi (mikromola ni sehemu moja ya milioni ya moli kwa lita; milimola ni mikromola 1,000). Ndani ya seli yenye afya ni kidogo sana, hata chini ya mikromola moja. Sasa chukua esta ya boroni ya kawaida iliyoyeyushwa majini. Kigezo cha kasi yake na peroksaidi ni kati ya 1 na 2 kwa mola kwa sekunde, tuseme 1.5. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kukokotoa muda wa nusu: gawanya 0.693 kwa 1.5, kisha gawanya tena kwa mkolezo wa peroksaidi.

Penye milimola 100, nusu ya viungo hukatika ndani ya sekunde 5. Penye milimola 1, dakika 8 hivi. Penye mikromola 100, kama saa moja na robo. Penye mikromola 1, zaidi ya siku tano.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. La kwanza linatia moyo: kati ya penye uvimbe na penye afya pana tofauti ya saa moja na siku kadhaa, na dawa inaweza kuishi katika nafasi hiyo. La pili linakera. Majaribio mengi ya maabara hupima polima kwa milimola nyingi za peroksaidi, mara kumi, mara mia, hata mara elfu ya kile ambacho mwili unacho. Picha inatoka nzuri: chupa yenye peroksaidi imekuwa angavu, isiyo nayo bado ni maziwa. Ni kweli polima ilifunguka, lakini ilifunguka mahali ambapo hakuna mgonjwa aliyewahi kuwepo.

Na hesabu yetu ni ya molekuli iliyo huru majini. Ndani ya kiini cha nanochembe kinachokataa maji, peroksaidi hupenya kwa shida na muda huongezeka. Kwa upande wa pili, peroksaidi kwenye kidonda haimwagwi mara moja ikaisha, hutengenezwa mfululizo, na pembeni kabisa mwa chembe nyeupe mkolezo unaweza kuwa juu kuliko wastani wa tishu nzima. Kwa hiyo silaani kila anayetumia milimola. Ninachodai ni kwamba aonyeshe na chupa ya mikromola 100, hata kama picha yake haivutii.

Ile peroksaidi ya duka la dawa ndiyo hiyohiyo?

Molekuli ni ileile, kiasi ndicho tofauti. Chupa ya asilimia 3 ina gramu 30 katika lita. Gawanya kwa 34, uzito wa moli moja, unapata takriban moli 0.88 kwa lita, sawa na mikromola 880,000. Hiyo ni karibu mara 9,000 ya mikromola 100 za tishu iliyovimba.

Ukitaka kuona mwili unavyojikinga nayo, nunua kipande cha ini buchani, kiweke kwenye kisahani na udondoshee peroksaidi hiyo. Povu litapanda hapohapo. Ni oksijeni inayotoka, kwa kazi ya kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho kimejaa kwenye ini. Chemsha kipande kingine hadi kiive, kiache kipoe, kisha rudia: kimya, maana joto limekiharibu kimeng'enya. Povu unaloliona kwenye kidonda ni la katalesi hiyohiyo kutoka kwenye damu na seli, si dalili kwamba "uchafu unatoka" kama tulivyoambiwa utotoni. Na kuimwagia kidonda kila siku si msaada: huua pia seli changa zinazojaribu kukiziba.

Asali ya Tabora inaingiaje hapa?

Inaingia kwa mlango wa mbele. Nyuki anapochakata nekta huongeza kimeng'enya cha glukosi oksidesi kutoka kwenye tezi zake. Kimeng'enya hicho huchukua glukosi, oksijeni na maji, kikatoa asidi ya glukoniki na haidrojeni peroksaidi. Katika asali nzito kimelala, kwa kuwa maji hayatoshi. Asali ikichanganyika na majimaji ya kidonda, kinaamka. Wakemia wa Marekani walithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba nguvu ya kuua vijidudu iliyokuwa ikionekana kwenye asali nyingi ilikuwa ni peroksaidi hii.

Kiasi chake, kwa asali iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu au pungufu kidogo ya hapo, kinaweza kufika milimola 1 hadi 2. Linganisha na chupa ya duka la dawa: ni pungufu mara mia kadhaa, na hutoka polepole. Ndiyo maana asali huzuia bakteria bila kuchoma nyama kama ile ya chupa.

Tahadhari mbili kwa wenzetu wa Sikonge na Urambo. Glukosi oksidesi haipendi joto. Asali iliyochemshwa ili ichujike upesi hupoteza nguvu hiyo, hata kama utamu umebaki. Na asali ya kutibia vidonda hospitalini hupigwa mionzi ya gama kuua mbegu za bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao hupoozesha misuli. Asali ya ndoo, hata ikitoka kwenye mzinga safi wa miombo, haijapitia hapo. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Bandeji ya polima hizi ikipakwa asali juu yake, itakuwaje?

Aliyeuliza hili ni mfugaji nyuki, na ni swali la kiutafiti kabisa. Kwa hesabu tuliyofanya, milimola 1 hukata nusu ya viungo vya boroni kwa dakika nane hivi. Kwa hiyo asali ingeweza kuifungua bandeji yenyewe, kidonda kiwe kimevimba au la, na dawa ingemwagika yote mapema. Kizuizi kingekuwa katalesi ya kidonda, ambayo hula peroksaidi inapotokea. Nani angeshinda mbio hizo ni jambo la kupimwa. Lakini ukiwa na bandeji inayosoma ishara ya mwili, usiiwekee kando yake kitu kinachotoa ishara hiyohiyo.

Zinaweza kumsaidia mgonjwa wa kisukari?

Kuna njia mbili, tofauti kabisa.

Ya kwanza ni vidonda vya miguu. Kidonda cha kisukari hukwama katika hatua ya uvimbe: chembe nyeupe haziondoki, oksijeni tendaji hazipungui, na ngozi mpya huliwa kabla haijakomaa. Hapa polima hufanya kazi hata bila dawa ndani yake, kwa sababu kila kiungo cha salfa kinachooksidishwa kimemeza oksijeni tendaji moja au zaidi. Hujitoa mhanga. Kundi la Craig Duvall, Vanderbilt, Marekani, limetengeneza kiunzi chenye matundu kama sponji kwa poliyurethani yenye thioketali, wakakijaribu kwenye vidonda vya nguruwe, ambao ngozi yao inakaribia ya binadamu kuliko ya panya. Kiunzi huoza kwa mwendo wa kidonda: penye oksijeni tendaji nyingi hutoweka upesi, zinapopungua hukaa muda mrefu zaidi na kuacha seli zipande juu yake. Ukinibana nichague tawi moja la fani hii litakalofika wodini kwanza, nitachagua hili. Kidonda kiko nje, unakiona, na bandeji ikikosea unaitoa.

Ya pili ni insulini. Kumbuka glukosi oksidesi ya nyuki. Watafiti huchukua kimeng'enya hichohicho, kwa kawaida kutoka kwenye ukungu wa *Aspergillus niger*, wakakifungia pamoja na insulini ndani ya vifuko vya polima vinavyoitikia peroksaidi, na vifuko vikawekwa kwenye plasta yenye sindano ndogo mno zisizofika kwenye mishipa ya maumivu. Sukari ikipanda, kimeng'enya hutengeneza peroksaidi nyingi, polima hulegea, insulini hutoka. Sukari ikishuka, peroksaidi hupungua. Kundi la Zhen Gu, Marekani, lilionyesha plasta ya namna hii kwa panya mwaka 2017. Hapa peroksaidi si ya ugonjwa tena, imetengenezwa na kifaa chenyewe, na kwa hilo mtengenezaji hujipangia kiasi. Mgonjwa anayesoma haya asiache sindano zake.

Na saratani?

Mwaka 1991 Szatrowski na Nathan walionyesha kwamba seli za aina kadhaa za saratani ya binadamu, zikioteshwa maabara, hutoa peroksaidi kwa wingi bila kuchokozwa. Tangu hapo wengi wamejaribu kufungia dawa kali za saratani ndani ya polima hizi ili zifunguke kwenye uvimbe wa saratani tu. Tatizo ni kwamba uvimbe mmoja haufanani kila pembe, na uvimbe wa mgonjwa mmoja haufanani na wa mwingine. Wapo wanaokwepa hilo kwa kupeleka pia kitu kinachozalisha oksijeni tendaji, kwa mfano rangi inayoamshwa na mwanga. Mwaka 2018 kundi la Gu, tena, lilichapisha jeli inayodungwa kando ya uvimbe, iliyoshikiliwa na viungo vya boroni, ikiachia dawa mbili kwa nyakati tofauti kwenye panya. Kwa kuwa inawekwa mahali husika, haihitaji kutafuta njia ndani ya damu.

Vipi malaria?

Polima hizi hazina kazi ya moja kwa moja hapo. Lakini aliyewahi kumeza dawa mseto ya malaria, na Tabora nani hajawahi, ametumia dawa yenye wazo la kufanana. Artemetha iliyomo ina daraja la peroksaidi ndani ya molekuli yake. Kimelea cha malaria hula himoglobini na kubaki na chuma kingi cha himu, ile sehemu ya himoglobini inayobeba chuma. Chuma hicho hulivunja daraja, na radikali zinazotokea humuua mwenyewe. Seli zisizo na kimelea hazina himu huru kiasi hicho. Dawa inasubiri hadi ifike penye adui, naye ndiye anayeifungua. Tu Youyou wa China alipata Nobeli mwaka 2015 kwa kugundua artemisinini, mama wa dawa hizo.

Mabaki ya polima yakishavunjika huenda wapi?

Inategemea familia. Thioketali huacha asetoni kidogo, ambayo mwili huizoea hata mtu anapofunga. Boroni huacha asidi ya boriki, ambayo figo huitoa, pamoja na kipande kiitwacho kwinoni methaidi ambacho ni kikorofi: hunasa glutathioni, na glutathioni ndiyo akiba ya seli dhidi ya oksidisho. Kiasi kidogo hakina shida; kiasi kikubwa mahali palipokwisha kuchoka ni jambo la kuangalia. Polipropilini salfaidi haikatiki, kwa hiyo lazima itengenezwe fupi tangu mwanzo ili figo ziweze kuichuja. Seleniamu ina mlango mwembamba: mtu mzima huhitaji mikrogramu 55 kwa siku, na haifai azidishe 400.

Zingestahimili joto na usafiri wa huku kwetu?

Kitu kilichobuniwa kioksidike huanza kuoksidika kikiwa bado ghalani. Kinataka pakiti isiyopitisha hewa, giza na baridi. Kituo cha afya ambacho friji yake inategemea umeme unaokatika si mahali pake.

Kuna tatizo jingine ambalo halizungumzwi sana: usafishaji wa vijidudu. Bandeji na vifaa vingi hupigwa mionzi ya gama, na mionzi hiyo huzalisha radikali, adui yuleyule ambaye polima ilitengenezwa imtii. Unaweza kufungua sanduku ukakuta bandeji imeshafanya kazi yake kiwandani. Mvuke wa moto nao huzivunja esta. Hubaki kuchuja kwa vichujio vyenye matundu madogo, kutumia gesi ya ethilini oksaidi, au kutengeneza kila kitu katika chumba safi tangu mwanzo, na hakuna kati ya hizo iliyo rahisi kwa gharama.

Kitete wanazo?

Hapana. Wala Bugando, wala Muhimbili, kama dawa ya kuandikiwa mgonjwa. Kazi nyingi bado ziko maabara na kwa wanyama. Akitokea mtu sokoni anakuuzia "plasta ya oksijeni" ya kuponya donda ndugu, muulize namba ya usajili wa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Mwanafunzi wa Tabora anayetaka kuingia kwenye fani hii asome nini?

Kemia ya kaboni (organic) ndiyo mguu wa kwanza, na sehemu ya kasi za mmenyuko ambayo wengi huiruka kwenye mtihani ndiyo utakayoitumia kila siku. PCB, PCM (fizikia, kemia, hisabati) na CBG zote zina njia, kulingana na masharti ya kila kozi, mradi hesabu usizikimbie. Baada ya hapo kuna kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), famasia chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS), na kwa shahada za juu taasisi ya Nelson Mandela (NM-AIST) kule Arusha. Ukitaka kuanza kabla ya chuo, anza na asali: omba walimu wa maabara karatasi za kupimia peroksaidi, chukua asali mbichi na iliyochemshwa kutoka kwa mfugaji mmoja, changanya kila moja na maji sawa kwa sawa, acha saa moja penye uvuguvugu, kisha chovya. Andika rangi, saa, na joto la chumba. Rudia kesho yake kwa mchanganyiko uleule.